ELIMU KWA UMMA: Namna ya kutambua mahali ilipopigwa picha ya zamani ya familia

Nyumba nyingi za Mombasa zina picha moja ya zamani isiyojulikana ilipigwa wapi. Babu amesimama mbele ya mlango, au nyanya amebeba mtoto kando ya maji, na nyuma ya picha hakuna maandishi. Mradi mzee anayekumbuka yu hai, swali hilo hujibiwa kwa dakika moja. Akishaondoka, familia hubaki na sura bila mtaa, na watoto hawawezi kuonyeshwa walikotoka. Kwa hiyo kazi hii haifai kuahirishwa, na mtu yeyote mwenye subira na simu yenye kamera anaweza kuifanya.

1. Picha yenyewe ichunguzwe kwanza

Uchunguzi uanzie nyuma ya picha. Studio nyingi zilipiga muhuri wenye jina la mpiga picha, sanduku la posta na mji. Muhuri unaotaja "Kenya Colony" unaelekeza kwenye kipindi cha kati ya 1920 na 1963, ingawa mihuri ya zamani huenda iliendelea kutumika kwa muda baada ya uhuru. Baadhi ya picha zina mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe. Tarehe hiyo ni ya kusafishwa kwa picha, wala si lazima iwe siku iliyopigwa. Inachothibitisha ni kwamba picha haikupigwa baada ya hapo.

Muhuri wa studio ya Mombasa pia hauthibitishi kwamba waliomo walikuwa Mombasa. Watu walisafiri na filamu zao na kuzisafishia mjini.

Kisha ihakikishwe kuwa picha haikugeuzwa kushoto kuwa kulia wakati wa kusafishwa. Njia rahisi ni kutazama maandishi: bango la duka, namba ya gari, au jina la kanga. Herufi zikisomeka kinyume, picha nzima imegeuka, na kila kinachoonekana kuwa kushoto kilikuwa kulia.

2. Je, ni mahali halisi au ni pazia?

Studio za pwani zilipenda mapazia yaliyochorwa. Wapiga picha wa karibu na kivuko cha Likoni walijulikana kwa vibanda vyenye michoro ya meli, ndege na majumba. Mtu anaweza kuonekana yuko uwanja wa ndege ilhali amesimama ndani ya kibanda cha mbao. Dalili za pazia ni mikunjo ya kitambaa, sakafu isiyolingana na mandhari ya nyuma, na vivuli vya watu visivyofuata mwanga uliochorwa. Ikiwa ni pazia, kinachotafutwa ni studio yenyewe.

3. Alama zinazofunga mahali na wakati

Alama nzuri ni ile ambayo haipatikani kwingine, au ile inayojulikana ilianza na kuisha lini.

Daraja la Nyali. Daraja la zamani lilikuwa la kuelea juu ya maji. Lilifunguliwa 1931 na nafasi yake ikachukuliwa na daraja la zege la sasa mwaka 1980. Picha yenye daraja linaloelea ni ya kati ya miaka hiyo.

Fort Jesus. Ngome hii, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Picha ya familia iliyotulia ndani ya uwanja wake huenda ilipigwa baada ya gereza kufungwa.

Majina ya barabara. Wazee wakitaja Salim Road, hiyo ndiyo Digo Road ya leo. Kilindini Road ya zamani sasa ni Moi Avenue. Bango lenye jina la zamani hutoa mahali na pia kipindi.

Namba za magari. Namba zenye herufi moja ya ziada mwishoni zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari lisilo na herufi hiyo huashiria kuwa picha inaweza kuwa ya kabla ya hapo, lakini magari ya zamani yaliendelea kutembea na namba zake.

Mlango wa nakshi, kwa upande mwingine, hautoshi peke yake. Milango hiyo iko Mji wa Kale wa Mombasa, iko Lamu na iko Zanzibar. Hata kanga haifungi mahali, kwa kuwa iliuzwa pwani nzima. Faida ya kanga ni kwamba kina mama wengi hukumbuka jina fulani lilitoka lini, na hivyo husaidia kukadiria mwaka.

4. Kivuli, upepo na majahazi

Asubuhi kivuli huelekea magharibi, na alasiri huelekea mashariki. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo saa sita mchana mwezi Juni kivuli hulala upande wa kusini, na mwezi Desemba hulala upande wa kaskazini.

Bandari ya Kale nayo ina kalenda yake. Majahazi makubwa ya Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, na kurudi na kusi. Picha ya zamani yenye majahazi mengi yaliyotia nanga inaelekeza kwenye miezi ya kaskazi.

5. Mfano wa kufuata

Picha inaonyesha mama na watoto wawili wamesimama, maji yako nyuma yao, na kwa mbali kuna daraja linaloelea. Ukingoni pamechapwa "AUG 61". Vivuli vyao vinaelekea nyuma, upande wa maji. Mmoja wa watoto hao, ambaye sasa ni nyanya, anakumbuka kwamba ilikuwa alasiri ya Idi.

Daraja linaonyesha kuwa ni mkondo kati ya kisiwa na Nyali, na kwamba ni baada ya 1931. Ukingo unaonyesha si baada ya Agosti 1961. Swali lililobaki ni walisimama ng'ambo ipi. Alasiri vivuli huelekea mashariki. Hapa vinaelekea majini, kwa hiyo maji yalikuwa mashariki mwao. Anayekuwa na mkondo huo upande wake wa mashariki yuko kisiwani. Kama wangekuwa upande wa Nyali, maji yangekuwa magharibi, na vivuli vingemwelekea mpiga picha.

Hitimisho hili linategemea nguzo moja dhaifu, nayo ni kumbukumbu ya saa. Ikiwa ilikuwa asubuhi, jibu linageuka. Kwa hiyo familia itafute mtu wa pili anayeikumbuka siku hiyo kabla ya kuandika jibu kwa wino.

6. Namna ya kumuuliza mzee

Mzee asipewe jibu ndani ya swali. Akiulizwa "Hapa si Majengo?" huenda akakubali kwa heshima tu. Ni bora aonyeshwe picha, aachwe aitazame, kisha aulizwe: "Unaona nini hapa?" Maswali ya ujirani hufungua kumbukumbu kuliko majina ya barabara: maji mlichota wapi, chuo kilikuwa kwa nani, duka la karibu lilikuwa la nani, mkienda sokoni mlipita wapi.

Wazee wawili waulizwe kila mmoja peke yake. Wakitaja mahali pamoja bila kusikilizana, jibu lina uzito. Maneno yao yaandikwe au yarekodiwe kwa idhini yao, pamoja na tarehe.

7. Pa kupeleka ulinganisho

Makavazi ya Kitaifa yana picha na hati za zamani. Survey of Kenya, iliyoko Ruaraka, Nairobi, ina ramani na picha za angani za miaka iliyopita, zinazoonyesha nyumba na njia ambazo leo hazipo. Kwa picha za Mji wa Kale, Makumbusho ya Fort Jesus ndiyo pa kuanzia. Anayekwenda abebe nakala, na picha halisi ibaki nyumbani.

8. Tahadhari

Picha haithibitishi umiliki wa ardhi. Inaweza kuonyesha kwamba familia iliishi mahali fulani, na kusaidia kujua ni kiwanja gani cha kuulizia kwenye masjala ya ardhi. Anayetaka kuiuza "picha ya ushahidi wa ploti", au kutoza ada ili aitafsiri, aepukwe.

Picha isiandikwe nyuma kwa kalamu ya wino. Penseli laini inatosha, kwa mkono mwepesi. Picha iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe kwa nguvu. Ipigwe picha ikiwa papo hapo. Watu walio hai waombwe ruhusa kabla sura zao hazijasambazwa.

Mwisho, matokeo yaandikwe kwenye bahasha ya picha kwa sehemu tatu: linalojulikana kwa hakika, linalodhaniwa na sababu yake, na aliyesema. Mfano: "Kisiwani, mkabala na Nyali. Kati ya 1931 na Agosti 1961. Upande wa kisiwani unategemea kumbukumbu ya nyanya kwamba ilikuwa alasiri." Mjukuu atakayeifungua bahasha hiyo ataweza kuendelea kutafuta kutoka hapo.