Nani Aamue Mwendo wa Kompyuta?

Muhula uliopita nilikabidhiwa kompyuta mpakato za Kidato cha Nne. Nikaziamuru zote ziende mbio kabisa daima, nikidhani nafanya hisani. Usiku mmoja umeme ulikatika, na kabla ya kengele ya kulala betri zikaisha. Rafiki yangu akapoteza insha ambayo hakuwa ameihifadhi. Ndipo nilipojifunza haya.

Prosesa ikiongezwa mwendo huhitaji volti zaidi. Volti zikizidi mara mbili, nguvu itumikayo huzidi mara nne, hata mwendo usipobadilika. Basi yafaa mwendo upungue kazi ikipungua. Lakini nani aamue?

Hapo zamani, katika mfumo wa Linux, programu za kando ziliifanya kazi hiyo. Lakini kazi ya prosesa hupanda na kushuka kwa milisekunde, na aliye kando huchelewa kupata habari. Mwaka 2004 utaratibu uitwao ondemand ulitiwa ndani ya kiini cha mfumo. Mwaka 2016 ukafuata schedutil, upatao habari kutoka sehemu ile ile ipangayo zamu za kazi.

Ni kama jikoni kwetu: mwalimu wa zamu hupanga kuni za siku, lakini mpishi aliye mbele ya chungu ndiye ajuaye wakati wa kuzichomoa. Hivyo naona kiini kiamue kila nukta, nasi tuweke mipaka tu.

Amri yangu nimekwisha kuifuta. Insha iliandikwa upya kwa kalamu, nami nikimshikia mwenzangu taa.