Kubadili Bodi ya Kasi katika Mashine Ndogo ya Kuchonga Chuma

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati kilichopo kusini-mashariki ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi. Kabla ya reli, mizigo ya pwani ilipita sehemu hizo kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Hata hivyo umbali haukufutika: kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni takriban kilomita 840. Kwa fundi wa mahali kama Goweko, kipuri cha elektroniki ni kitu cha kuagizwa mbali na kwa gharama. Kipuri hicho kikifungwa kabla chanzo cha ubovu hakijajulikana, chaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Makala hii inaeleza kazi ya bodi inayotawala kasi ya mota, sababu za kuungua kwake, na utaratibu wa kuibadili. Hesabu zake zinatumia kanuni za umeme zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Mashine yenyewe

Mashine ya kuchonga chuma isichanganywe na mashine ya kusaga nafaka, wala na kerezo. Katika kerezo, chuma ndicho kinachozunguka na kisu hutulia. Katika mashine hii, kisu chenye meno ndicho kinachozunguka, na chuma kilichobanwa juu ya meza husogezwa polepole kukielekea. Kwa njia hiyo fundi huweza kuchonga mfereji wa kushikia puli kwenye shafti, kusawazisha uso wa chuma, au kutoboa mashimo kwa vipimo.

Kasi inayofaa hutegemea unene wa kisu. Kisu chenye kipenyo cha milimita 20, kikizunguka mara 400 kwa dakika, ukingo wake husafiri takriban mita 25 kwa dakika. Ili ukingo wa kisu cha milimita 5 upate mwendo huo huo, hapana budi kizunguke mara 1,600. Hii ndiyo sababu mashine huhitaji kubadilishiwa kasi.

Mota ya mashine ya nafaka haina shida hiyo. Aghalabu ni mota ya mkondo geu, ambayo kasi yake hufuata marudio ya umeme: kwa marudio 50 kwa sekunde na ncha nne za sumaku, huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, na yatosha. Mashine nyingi ndogo za kuchonga chuma hutumia mota ya mkondo mnyoofu yenye sumaku za kudumu na brashi za kaboni. Mota ya namna hiyo ndiyo inayozungumzwa hapa.

Kanuni ya mota

Mota inapozunguka huzalisha volti yake yenyewe inayopinga umeme unaoingia. Volti hiyo pinzani, E, huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Kwa hiyo:

V = E + IR

ambapo V ni volti inayotolewa na bodi, I ni mkondo, na R ni ukinzani wa nyaya za mota. Chukulia mota yenye V = volti 180, I = ampea 2 na R = omu 6, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Basi E = 180 – (2 × 6) = volti 168. Kila mzunguko mmoja kwa dakika unalingana na volti 168 ÷ 3,000 = 0.056.

Ikiwa fundi anataka mizunguko 1,500, E itakuwa volti 84, na bodi itatoa 84 + 12 = volti 96. Kisu kikianza kukata chuma na mkondo ukapanda hadi ampea 4, volti 24 zitapotea katika nyaya. Zitabaki volti 72 tu, na kasi itashuka hadi takriban mizunguko 1,286. Bodi nzuri hutambua ongezeko la mkondo na kuongeza volti hadi 108, ili kasi irudi 1,500.

Bodi hufanyaje kazi?

Njia ya zamani ya kupunguza volti ni kuweka rezista kubwa kati ya umeme na mota. Katika mfano wa hapo juu, rezista ingebeba volti 84 kwa ampea 2, yaani ingegeuza wati 168 kuwa joto la bure.

Bodi hutumia njia nyingine: hufungua na kufunga umeme haraka sana kwa thairista au transista. Transista ikiwa imefunga njia, mkondo haupiti; ikiwa imefungua kikamilifu, mkondo hupita lakini volti iliyobaki juu yake ni ndogo. Katika hali zote mbili joto ni dogo. Umeme wa volti 180 ukiruhusiwa kupita kwa asilimia 53 ya muda, wastani wake ni takriban volti 96. Fundi anapozungusha kitasa cha kasi, hubadilisha potenshometa inayoiamuru bodi iongeze au ipunguze muda huo.

Kwa nini bodi huungua?

Jibu limo katika kanuni ile ile. Kisu kikikwama ndani ya chuma, mota husimama na E huwa sifuri. Mkondo huwa V ÷ R, yaani 180 ÷ 6 = ampea 30, mara 15 ya kawaida. Joto katika nyaya, I²R, hupanda kutoka wati 24 hadi wati 5,400. Iwapo kikomo cha mkondo hakikurekebishwa vizuri, transista huweza kufa kabla fyuzi haijakatika.

Jambo hili lajulikana pia relini. Kichwa cha treni cha dizeli-umeme chenye mota za mkondo mnyoofu kinapoanza kuondoka kituoni, mota zake huvuta mkondo mkubwa, kwa kuwa bado hazijazunguka na hazina volti pinzani. Ndiyo maana dereva huongeza nguvu hatua kwa hatua.

Sababu nyingine ni brashi zilizokwisha na kutoa cheche nyingi, vumbi la chuma lililoingia ndani ya kisanduku na kuunganisha njia za umeme, beringi zilizokauka, na matundu ya hewa yaliyozibwa. Katika hali hizi zote bodi si mkosaji, bali ni ya kwanza kuumia.

Kutafuta ubovu

Tahadhari: Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme au mwalimu mwenye ujuzi, wanafunzi watazame tu. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa huweza kujaza kapasita hadi takriban volti 325, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ingojewe dakika kadhaa, kisha ipimwe kwa mita kabla ya kuguswa. Katika bodi nyingi, hata upande wa kitasa umeungana na umeme wa njia kuu.

1. Kagua fyuzi, swichi ya dharura na swichi ya kinga ya kisu. Mara nyingi ubovu huishia hapo.
2. Zungusha mhimili kwa mkono. Ukiwa mzito, ubovu ni wa beringi au gia.
3. Toa brashi. Ikiwa ni fupi au zimevunjika, badili zote mbili.
4. Tenga mota na bodi, kisha iunganishe na betri ya gari ya volti 12. Mota nzima huzunguka polepole bila kushtuka. Pima pia kati ya nyaya zake na kiwiliwili chake. Mita isionyeshe njia yoyote ya umeme.
5. Pima potenshometa. Ukinzani ubadilike kwa utaratibu kitasa kinapozungushwa.
6. Mwisho, itazame bodi. Ikiwa mota ilikimbia kwa kasi yote mara tu ilipowashwa, yaelekea transista imeungana ndani. Ikiwa fyuzi hukatika papo hapo hata mota ikiwa imetengwa, kuna mahali palipoungana ndani ya bodi. Ikiwa hakuna volti inayotoka ingawa umeme unaingia, bodi imekatika njia.

Kufunga bodi mpya

Kwanza, linganisha volti za kuingia na kutoka, mkondo na nguvu na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota. Bodi yenye umbo sawa yaweza kuwa na kipimo tofauti. Pili, chora mchoro wa nyaya na utie alama kila waya kabla ya kuufungua. Tatu, safisha kisanduku, kaza waya wa ardhi, na ibanie transista vizuri kwenye bati la kupoozea joto.

Kwa jaribio la kwanza, kitasa kiwe sifuri, kisu kitolewe, na taa ya nyuzi ya wati 100 iunganishwe kwa mfuatano na umeme unaoingia. Taa ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hali ni nzuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali palipoungana, lakini bodi imeokolewa, kwa sababu taa haipitishi zaidi ya takriban ampea 0.43. Baada ya hapo, ondoa taa na urekebishe kikomo cha mkondo kuanzia chini. Fyuzi isibadilishwe kamwe kwa kipande cha waya.

Jaribio la darasani

Unganisha kwa mfuatano betri ndogo mbili za volti 1.5, balbu ya tochi na mota ndogo ya kitu cha kuchezea. Mota inapozunguka, balbu huwaka hafifu. Shika mhimili kwa vidole hadi usimame: balbu huongeza mwanga. Wanafunzi waeleze sababu kwa kutumia V = E + IR.

Maswali

1. Mota ya mfano inapewa volti 120 na kuvuta ampea 3. Tafuta E na kasi yake.
2. Kwa nini kisu kilichokwama huleta hatari ndogo zaidi kitasa kikiwa kwenye kasi ndogo?
3. Bodi mbili zimeungua katika mashine moja ndani ya mwezi mmoja. Taja sehemu nne za kukaguliwa kabla ya kuagiza ya tatu.

Jibu la swali la 1: volti 102, takriban mizunguko 1,821 kwa dakika.