Kabla Hujanunua Benz Kuukuu

Wanachama wenzangu, nani kati yetu hajaitamani Mercedes-Benz W124? Gari hili lilitoka mwishoni mwa 1984, na saluni zake zikaundwa hadi 1995. Siku hizi laweza kukugharimu kidogo kuliko Toyota ya juzi. Mtego ndio huo: bei ya gari imeshuka, ya spea haikushuka nayo.

Kuliagiza kutoka ng'ambo haiwezekani, maana kwa kawaida Kenya hukataa gari lililopita miaka 8. Utanunua kwa mtu wa humu humu, naye atakuapia ati halina shida. Mjomba wangu aliapiwa hivyo, akatoa kiinua mgongo chake chote.

Shida ilikuwa nyaya. Nyingi za injini za 1992 hadi 1995 zilivikwa plastiki inayooza kwa joto. Ikibanduka, nyaya hugusana, na injini hukohoa au hukataa kabisa kuwaka.

Basi nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta tayari inanguruma, shuku! Pinda waya polepole. Ukivunjika kama ganda la karanga, funga boneti uage. Chungulia maji ya rejeta: yakiwa na mafuta, gasketi ya hedi imekwisha. Nusa pia mafuta ya giaboksi, kama yananuka kuungua. Na ukishalinunua, usiliache lichemke hata mara moja, kwa kuwa hedi yake ni ya alumini, hupinda.

Mjomba angali anatafuta pesa za nyaya. Kila Jumapili huliosha pale pale uani.