Usimfungie Mlango Ukaenda Zako

Kijitabu cha afya kwa nyumba yenye mzee mwenye maradhi ya Alzheimer

1. Kwa nani, na kwa sababu gani

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa mwana, binti, mkaza mwana, mjukuu na jirani ambao wamejaaliwa kukaa na mzee ambaye akili yake imeanza kumpotea kidogo kidogo. Hakikuandikwa ili kufundisha mambo ya ndani ya ubongo, kwani elimu hiyo ina wenyewe. Kimeandikwa kwa sababu wazee wanaoletwa katika kituo cha afya wakiwa wameungua, au wamevunjika nyonga, au wamekaukiwa na maji hata ulimi hauna mate, aghalabu huletwa kwa kisa kimoja: watu wa nyumba walitoka kwenda kutafuta riziki, wakageuza ufunguo, wakamwacha mzee peke yake ndani, wakiamini kwamba mlango uliofungwa utamlinda. Mlango haulindi mtu. Neno hili litarudiwa katika kurasa hizi mara nyingi, na msomaji tafadhali asilichoke, maana sisi tunaofunga majeraha tumechoka zaidi.

2. Maradhi yenyewe

Maradhi haya yameitwa kwa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mbele ya matabibu wenzake mwaka 1906. Huharibu kumbukumbu kwanza, kisha maneno, kisha maarifa ya kazi za kila siku, na mwishoni nguvu za mwili. Hayana dawa ya kuyaponya. Zipo dawa ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, na daktari ndiye ajuaye zimfaazo nani.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupotewa na akili, na kwamba katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo, baina ya 60 na 70 wana Alzheimer. Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wataalamu walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi waliona kwamba takriban 6 katika kila 100 wamepotewa na akili kwa namna hii, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini. Wala uzee peke yake hauondoi akili: wako waliopita miaka 90 ambao huhesabu fedha zao bila ya kukosea senti.

3. Je, huambukiza?

Hayaambukizi kamwe.

4. Je, ni uchawi?

Si uchawi, wala si laana, wala si adhabu ya dhambi alizozitenda ujanani. Bibi aliyekutwa usiku wa manane katika ua wa watu, kanga imemwanguka, hajui aliko wala ajibu nini akiulizwa, si mchawi aliyeshikwa kazini. Ni mgonjwa aliyepotea njia. Kilifi na Usukumani wazee wamekatwa mapanga kwa shuku za uchawi, na hakuna ajuaye wangapi miongoni mwao walikuwa wagonjwa wa maradhi haya haya. Ukisikia jirani ananong'ona, mkalishe kitako umweleze mapema, kabla mnong'ono haujawa kelele. Dua na kisomo havikatazwi, na huenda vikamtuliza mzee. Linalokatazwa ni kumchanja, kumfukiza moshi hata akapaliwa, kumnyima chakula, na kuuza shamba ili kumlipa mtu anayeahidi kuirudisha akili.

5. Dalili

Huuliza jambo lile lile, akajibiwa, akauliza tena.

Hupotea katika njia aliyoizoea, kama ya msikitini au ya sokoni.

Aliyekuwa mpishi hodari hutia chumvi mara tatu, au husahau chungu motoni.

Huficha vitu vyake, kisha humshitaki mkaza mwana kwamba ameviiba.

Mpole huwa mkali, na mcheshi huwa mnyamavu.

Zikidumu, mpelekeni hospitali. Huzuni ya muda mrefu, masikio yasiyosikia, maradhi ya tezi, upungufu wa vitamini na baadhi ya dawa huweza kufanana na Alzheimer, na mengi ya haya hutibika.

6. Mabadiliko ya ghafla

Alzheimer huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akizungumza vyema juzi, na leo amechanganyikiwa, anasinzia mchana kutwa au anaona watu wasiokuwapo, huyo amepatwa na jambo jingine juu ya lile la kwanza: huenda ni malaria, au maambukizo ya mkojo, au kichomi, au sukari iliyoshuka, au kufunga choo, au amejigonga kichwa katika anguko ambalo hakuna aliyeliona kwa kuwa alikuwa amefungiwa peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Mdomo ukipinda, au mkono mmoja ukilegea, msingoje hata kidogo.

7. Usimfungie

Hapa ndipo penye kiini cha kijitabu, na asiyekuwa na wasaa wa kusoma pengine pote na asome hapa.

Mzee aliyefungiwa hajui kwamba amefungiwa kwa wema. Huona tu kwamba mlango haufunguki, na kwa kuwa amesahau nani alitoka na lini atarudi, hushikwa na hofu, akasukuma, akapiga kelele, akapanda dirishani, akaanguka. Nyonga ya mzee ikivunjika, aghalabu hatembei tena kama alivyokuwa akitembea, na wengine hawainuki kitandani hata siku ya mauti yao. Aliyefungiwa akipatwa na kiu hakumbuki mtungi uko wapi. Akibanwa na haja hakioni choo, akajichafua, akaketi katika uchafu hata ngozi ikachubuka. Na moto ukitokea, jirani atavunja mlango akiwa amechelewa, kwa sababu ufunguo uko sokoni katika mkoba wa binti.

Udhuru nimezisikia zote, na majibu yake ni haya.

Husemwa: "Natoka saa moja tu." Saa moja yatosha kuungua.

Husemwa: "Akiwa wazi huzurura." Kweli huzurura, na kwa hiyo anataka mtu wa kuzurura naye, si kufuli. Mtembezeni asubuhi na alasiri, uchovu wa halali humtuliza.

Husemwa: "Sina wa kumwachia." Soma fungu la mwisho.

Kumfunga kamba kitandani ni kumfungia. Kumpa dawa ya usingizi ili atulie nyumba ikiwa tupu ni kumfungia. Kumwacha na mtoto wa miaka saba ni kumfungia yeye na mtoto pia. Komeo la lango la nje si kosa, ikiwa ndani ya lango hilo yumo mtu mzima aliye macho, mwenye ufunguo, anayemsikia mzee akiita. Kosa ni kufunga na kuondoka. Usimfungie mlango ukaenda zako.

8. Moto, mafuta na maji

Jiko la makaa lisiingizwe chumbani, hata usiku wa baridi ya kipupwe, kwa kuwa hewa yake huua bila ya harufu. Kibiriti, koroboi na mtungi wa gesi viwe mahali asipofika. Mafuta ya taa, dawa ya panya na sabuni ya kufulia visitiwe kabisa katika chupa za soda, maana atavinywa. Kisima kifunikwe kwa kifuniko kizito. Mikeka iliyokunjamana iondolewe njiani, na sakafu ya choo isiachwe na utelezi. Visu na mapanga yafichwe. Dawa zote za nyumba zifungwe kabatini.

Kabati hufungwa, mzee hafungwi.

9. Akipotea

Mtafuteni pale pale mlipogundua. Msingoje magharibi wala ruhusa ya mtu. Anzeni karibu: vyooni, nyuma ya banda, kisimani, pwani, vichakani. Kisha endeni nyumba aliyokaa zamani, shamba alilolilima, au mahali alipofanyia kazi, kwa kuwa miguu hukumbuka njia za ujanani. Mwambieni sheha au mwenyekiti wa mtaa, polisi, na mwadhini atangaze.

Kabla ya hayo yote, shoneni kitambaa ndani ya kanzu au gauni chenye jina lake, mtaa, na nambari ya simu inayopokelewa. Wekeni picha yake ya karibuni. Wenye duka, vijana wa barazani na madereva wa kituo cha gari wamjue.

Akirudi, msimkemee, na msimfungie kwa kuwa amepotea. Mara nyingi kufungiwa huanza siku ya pili baada ya kupotea.

10. Kusema naye

Ukimwendea, mwendee kwa mbele, umwamkie kwa heshima uliyomwamkia nayo siku zote, ujitaje jina: "Shikamoo mama, mimi ni mwanao Asha." Usimjaribu kwa kumwuliza "Je, wanijua?", kwani swali hilo halimponyi bali humtahayarisha. Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, ungoje.

Akisema anamngoja mumewe arejee kutoka safari, na mumewe alikufa zamani, usimpe habari za msiba upya kila siku, maana kila siku atalia kama aliyeambiwa mara ya kwanza. Mwulize mumewe huyo alikuwa mtu wa namna gani, mwache asimulie. Akikushitaki kwamba umemwibia pete, usiape wala usigombane. Mtafutie, na ukiipata usimsute. Anayeshindana na mgonjwa wa Alzheimer hashindi, hata akiwa na haki.

Usimzungumze mbele yake kana kwamba hayupo. Mpe kazi aiwezayo: kuchambua mchele, kukunja nguo, kuvuta uradi. Nyimbo na kaswida za utotoni hudumu katika kumbukumbu baada ya majina ya watoto kusahauliwa, mwimbieni.

Akikosea rakaa au akala mchana wa Ramadhani, asikemewe. Dini imemsamehe asiyekuwa na akili timamu, na nyumba imsamehe vile vile.

11. Chakula

Ale akiwa ameketi wima, chakula laini, tonge ndogo, bila ya kuharakishwa: uji, ndizi zilizopondwa, muhogo wa nazi, samaki aliyetolewa miiba. Mpeni maji mara kwa mara bila ya kungoja aombe, kwani wengi husahau kiu. Akikohoa kila amezapo, au akikonda, daktari aambiwe.

12. Kuoga na choo

Mpelekeni choo kila baada ya saa mbili hivi, na kabla ya kulala. Msimpunguzie maji ili asikojoe.

Aogeshwe saa ile aliyozoea, kwa maji ya uvuguvugu, na mtu ambaye ada inamruhusu, na kanga isimwondoke ila pale panapooshwa. Sitara ni haki yake hata akiwa haijui. Akikataa, acheni, mrudi baadaye. Asiyeweza kugeuka kitandani ageuzwe kila saa mbili, akaguliwe makalio, visigino na mgongo.

13. Magharibi

Wengi hufadhaika jua likitua, wakataka "kwenda kwetu" hali wako kwao. Washeni taa mapema, punguzeni redio na makelele ya watoto, kaeni naye. Kioo kikimtisha kifunikeni.

14. Dawa

Mpeni kwa mkono wenu, mhakikishe amemeza. Msimnunulie dukani vidonge vya mafua au vya kuwashwa, kama piritoni, ili alale: huzidisha mchafuko wa akili na kumwangusha. Dawa za shinikizo la damu na za kisukari zisikatizwe.

15. Mali na karatasi

Hati ya nyumba, wosia na amana vizungumzwe mapema, angali akijua asemalo, mbele ya kadhi au wakili na mashahidi. Zanzibar, wazee wa miaka 70 na zaidi hupata pensheni jamii tangu mwaka 2016. Fedha hiyo ni yake, itumike kwa uji wake na sabuni yake. Anayemtia dole gumba katika karatasi asizozijua amedhulumu.

16. Mtunzaji naye ni mtu

Katika nyumba nyingi mzigo huu huangukia mwanamke mmoja, aghalabu binti asiyeolewa au mkaza mwana, na ndugu waliobaki huja Idi na Idi wakiwa na shauri nyingi na mikono mitupu. Mwanamke huyo halali, hali kwa wakati, hatoki. Na siku anapopata haja ya kutoka, kwa kuwa hakuna wa kumpokea, ndiye anayegeuza ufunguo. Basi lawama ya mlango uliofungwa isimwendee yeye peke yake. Iwafikie wana wote waliolelewa na mzee huyo, wa karibu na wa mbali, waliopo mjini na waliopo Maskati. Asiyeweza kuleta saa zake alete fedha ya kumlipa mtu.

Mtunzaji akiona mkono wake unataka kupiga, atoke uani, amwite jirani. Kumpiga mzee ni dhuluma, na kuomba msaada si aibu.

17. Zamu

Kusanyeni ndugu na jirani wiki hii, muijaze orodha hii kwa majina ya watu wazima waliokubali kwa vinywa vyao. Jina lisiandikwe la mtu asiyekuwapo kikaoni. Saa iliyokosa jina ndiyo saa mzee atakayofungiwa. Ikiwa ipo, mmoja wenu aende leo kwa jirani, au kwa sheha, aombe mtu. Orodha ikikamilika, bandikeni nyuma ya mlango wa nje, usawa wa kitasa.

Alfajiri hadi saa nne: ....................

Saa nne hadi adhuhuri: ....................

Adhuhuri hadi alasiri: ....................

Alasiri hadi isha: ....................

Usiku: ....................

Wa kuitwa mwenye zamu akipatwa na dharura: ....................