Maswali na Majibu: Kasoro za Taswira katika Hadubini ya Fluoresensi

1. Nini maana ya kasoro ya taswira? (alama 2)
Ni hali ambapo miale inayotoka nukta moja ya sampuli haikutani katika nukta moja ya taswira. Ukiandika "picha kuwa na ukungu" hupati alama. Ukungu ni matokeo, si maana.

2. Tofautisha kasoro ya tufe na kasoro ya rangi. (alama 2)
Katika kasoro ya tufe, miale ya pembezoni na ya katikati ya lenzi ina fokasi tofauti. Katika kasoro ya rangi, miale ya rangi mbalimbali ndiyo yenye fokasi tofauti.

3. Seli hai iliyo ndani ya maji inatazamwa kwa lenzi ya mafuta. Eleza kwa nini taswira huharibika kadiri kina kinavyoongezeka. (alama 6)
Fahirisi ya mpindo ya mafuta ni takriban 1.52, sawa na ya kioo cha kufunikia. Ya maji ni 1.33. Mwale hupinda unapovuka mpaka wa kioo na maji, na wa pembezoni hupinda zaidi kuliko wa katikati: hiyo ni kasoro ya tufe. Kina kikiongezeka, miale hupita katika maji mengi zaidi, na kasoro huongezeka. Nukta inayong'aa hurefuka kwenye mhimili wa wima na kufifia. Taja yote mawili, kurefuka na kufifia. Watahiniwa wengi huacha la kwanza, nalo ndilo linaloharibu picha ya pande tatu.

4. Katika swali la 3, meza ya hadubini imesogezwa mikromita 10. Kadiria fokasi imesogea kiasi gani ndani ya maji. (alama 3)
10 × 1.33 ÷ 1.52 = mikromita 8.75. Asiyesahihisha ataripoti seli ndefu kuliko ilivyo. Kadirio hili ni la miale iliyo karibu na mhimili tu; katika lenzi yenye pembe pana, tofauti ni kubwa zaidi.

5. Taja njia tatu za kupunguza kasoro ya tufe. (alama 3)
Kutumia lenzi ya maji kwa sampuli ya maji. Kutumia kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Kurekebisha pete ya kusahihisha iliyo kwenye lenzi. Usiandike "kuongeza mwanga": huko ni kuchosha rangi ya fluoresensi bure.

6. Tofautisha optiki badilifu na dekonvolusheni. (alama 4)
Optiki badilifu hutumia kioo cha kuakisi kinachobadili umbo, na husahihisha mwanga kabla picha haijapigwa. Wazo hilo lilitolewa na Horace Babcock mwaka 1953 kwa ajili ya darubini za nyota. Dekonvolusheni ni hesabu ya kompyuta baada ya picha kupigwa; hairudishi mwanga uliopotea. Ukiulizwa lipi litangulie, jibu ni kulinganisha fahirisi za mpindo, kabla ya vyote viwili.