Mwenye nguvu mpishe? Somo la simu ya laini mbili

Mpwa wangu mmoja anasaga viungo vya pilau nyumbani kwake, anavifungasha na kuvisambaza madukani. Kwa miaka minne biashara hiyo imemlisha yeye, mkewe na watoto wao wawili. Hivi karibuni alinijia baada ya swala ya Ijumaa akiwa amenyong'onyea. Kampuni kubwa imeingiza viungo vyake katika maduka yale yale, kwa pakiti za kupendeza na bei ya chini kuliko yake. "Mjomba," akaniambia, "nauza mashine. Mwenye nguvu mpishe."

Nilimwomba asiiuze kwanza. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa wengine wengi walio katika hali kama yake. Swali la kujiuliza ni hili: je, mfanyabiashara mdogo anaweza kuiangusha kampuni iliyokwisha kulitawala soko?

Ndugu msomaji, wanaosema haiwezekani wana hoja. Mkubwa hununua kwa wingi, hivyo hupata bei nafuu. Anaweza kuvumilia hasara mwaka mzima, wakati mdogo hawezi kuivumilia hata mwezi mmoja. Na akiona mdogo anaanza kumsumbua, humnunua. Mwaka 2012 Facebook ilitangaza kuinunua Instagram, iliyokuwa na wafanyakazi 13 tu, kwa dola bilioni moja. Mwaka 2014 ikainunua na WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19. Wateja walidhani wamehamia duka jingine, kumbe mwenye duka ni yule yule.

Pamoja na hayo, historia ina ushahidi wa upande wa pili. Tuchukue mfano ambao wengi wetu tumeushika mkononi, yaani simu.

Kampuni ya Nokia ya Finland ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa utengenezaji wa simu za mkononi mwaka 1998. Mwaka 2003 ilitoa simu ya Nokia 1100, yenye tochi na vitufe visivyoingiza vumbi, na zikauzwa zaidi ya milioni 250. Nani angethubutu kusema kuwa mti ule ungeng'oka?

Lakini sisi watumiaji tulikuwa na shida ambayo mkubwa yule hakuipa uzito. Kupiga simu kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao wako. Mimi nilikuwa natembea na laini tatu kwenye pochi. Kila nikitaka kubadili, nafungua simu, natoa betri, nachomoa laini. Moja iliniponyoka ndani ya daladala na sikuiona tena. Wenye uwezo walibeba simu mbili.

Mwaka 2006 ilianzishwa kampuni ya Kichina iitwayo Transsion, ambayo kwao China haikuwa na jina kubwa. Mwaka uliofuata ikaleta Afrika simu za Tecno zenye nafasi ya laini mbili. Nokia ilitangaza simu yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2010. Wakati huo mgeni alikuwa ameshapata mlango. Baadaye akarekebisha kamera ili picha za watu weusi zitoke vizuri, akaweka betri za kudumu na chaji, akafungua vituo vya matengenezo. Mwaka 2011 alianza kuunganisha simu Ethiopia. Mwaka 2019 hisa zake ziliingia soko la hisa la Shanghai, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiongoza kwa mauzo ya simu Afrika.

Tuwe waadilifu, Tecno haikuiangusha Nokia peke yake. Mwaka 2007 Apple ilileta iPhone, na mwaka 2008 zikaja simu za Android. Apple na Google hawakuwa wadogo hata kidogo. Mwaka 2014 Nokia ikakamilisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Kampuni yenyewe haikufa, ilibaki na kazi ya mitambo ya mawasiliano. Kwa hiyo jitu lile lilipigwa juu na wakubwa wenzake, na chini likapigwa na mdogo.

Kuna ibra tatu hapa. Kwanza, mdogo hashindi kwa kumuiga mkubwa. Hushinda kwa kuhudumia haja ambayo mkubwa ameidharau. Pili, mafanikio hulevya. Aliyeshinda leo naye akijisahau atapitwa, na Transsion haina kinga ya hilo. Tatu, uwanja lazima uwe wa haki. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia. Kuuza kwa bei nafuu peke yake si kosa, lakini sheria inamkataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo ili kuua ushindani. Wafanyabiashara wetu wadogo waijue sheria hii.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, nilimuuliza: "Ni mteja gani ambaye kampuni ile haimjui?" Akafikiri, kisha akasema, "Mama lishe." Hao hawataki pakiti ya kupendeza. Wanataka viungo vilivyosagwa asubuhi ile ile, kwa kipimo cha sufuria moja, na walipe jioni wakishauza chakula. Gari la kampuni kubwa haliwezi kusimama kwenye kila banda la mama lishe likikopesha. Yeye anaweza, kwa sababu anawajua kwa majina na wao wanamjua.

Sikumuahidi kwamba ataiangusha kampuni ile. Huenda asiifikie kamwe. Lakini watoto wake hawali kwa kuanguka kwa mtu mwingine, wanakula kwa kuwa baba yao bado yupo sokoni. Mashine hajaiuza.