Maswali ya Mfanya Biashara Katika Kazi ya Kanisa

Mwenye duka aliye mwangalifu hafungi mwaka bila kuhesabu mali yake. Hutazama bidhaa zilizonunuliwa, na zile zilizolala zikiliwa na vumbi, hata kama ni yeye mwenyewe aliyezipenda na kuzichagua. Je, kanisa nalo hufanya hesabu ya namna hiyo?

Bwana Peter Drucker alizaliwa Vienna mwaka 1909, akahamia Marekani mwaka 1937, akawa mwalimu mashuhuri wa uongozi wa biashara. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 aliwataka wakuu wa makampuni wajiulize: Kazi yetu hasa ni nini? Mteja wetu ni nani? Naye huthamini nini? Baadaye aliwapelekea maswali hayo watu wa makanisa na wa vyama visivyotafuta faida, na mwaka 1993 yakapigwa chapa yakiwa matano, kwa kuongezwa swali la matokeo na la mipango. Alifariki mwaka 2005.

Swali gumu kupita yote ni la mteja. Wazee wa kanisa wengi huchukizwa na neno hilo, wala hawana kosa: Injili haiuzwi, na mhubiri hana ruhusa ya kuibadili ipendeze wasikiaji, kama fundi wa cherehani abadilivyo mshono. Lakini Drucker alitenga watu wa namna mbili, yaani yule ambaye maisha yake yapaswa kubadilika kwa ajili ya kazi ile, na wale waitegemezao kwa fedha na mikono yao. Wote wasikilizwe, ila yule wa kwanza ndiye sababu ya kazi kuwapo.

Hapo ndipo kamati nyingi hupotea. Mathalani, kamati yaweza kukaa tangu asubuhi hata alasiri ikishauriana juu ya mabati na mahali pa kuwaketisha watoao sana, na hali mjane mmoja hakuonekana ibadani kwa muda wa miezi mitatu. Mguu wake umevimba, na kanisa liko mbali maili nne. Kitabu cha sadaka kimeandikwa vizuri sana. Jina lake tu halimo, wala hakuna aliyeuliza.

Dukani faida huonekana katika sanduku la fedha. Kanisani matokeo ni watu: mlevi aliyeacha pombe, ndugu waliopatana baada ya kesi ya shamba. Ni vigumu kuyaandika katika safu za daftari, lakini majirani huyaona.

Drucker alikuwa na swali jingine lililo kali: kama jambo hili lisingekuwa limekwisha anzishwa, je, tungelianzisha leo? Liulizwe juu ya kila mkutano unaoendelea kwa desturi tu.

Mkristo mmoja mmoja naye aweza kujipima hivyo hivyo. Baba afundishaye neno kila Jumapili na aulize ni nani nyumbani mwake amefaidiwa na mafundisho yake. Jibu na alitoe mkewe.